Madesa ya udaktari: namna ya kuyaandika, kuyagawana na kumaliza miaka mitano ukiwa mzima

Anayeingia mwaka wa kwanza wa MD, yaani shahada ya udaktari, iwe Muhimbili, KCMC, Bugando au Dodoma, hupewa vitu vitatu kabla hata hajaijua njia ya kwenda bwaloni: namba ya usajili, ratiba, na fleshi iliyojaa madesa, yaani noti za kujisomea, ya waliomtangulia. Viwili vya kwanza vina mwenyewe. Hicho cha tatu hakina. Hakuna anayejua nani aliandika nini, mwaka gani, wala kama alifaulu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yako, mdogo wangu unayeanza, na kwa yeyote aliyefika mwaka wa pili akiwa amechoka kabla ya safari kukolea. MD ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa intani (mafunzo ya vitendo hospitalini), ndipo Baraza la Madaktari likusajili kikamilifu. Kwa urefu huo, namna unavyosoma na namna unavyoishi haviachani. Msimamo wangu ni kwamba desa zuri ni lile linalokuuliza maswali, na kikundi kinachotengeneza madesa ya aina hiyo ndicho kitakachogundua mapema kwamba mmoja wenu anazama.

Hatua ya 1: Chuja ulichorithi

Usianze kusoma desa. Anza kulihoji: nani kaandika, lini, na ametoa wapi?

Chukua malaria kali kwa mtoto. Desa la mwaka 2009 litakwambia kwinini kwa dripu, na kwa wakati wake lilikuwa sahihi. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya utafiti wa AQUAMAT, uliohusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, na hapa kwetu ulifanyika Korogwe na Muheza. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa atesunati ya sindano asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake kwa watoto. Basi desa la 2013 litakuandikia atesunati, miligramu 2.4 kwa kila kilo, bila kujali uzito. Mwaka 2015 dozi ya mtoto aliye chini ya kilo 20 ikapandishwa kuwa miligramu 3 kwa kilo, na desa la baada ya hapo litaandika hivyo. Hayo ni madesa matatu yaliyoandikwa na watu makini, na mawili kati yake yatakufanya ukosee mbele ya kitanda cha mtoto.

Kwa hiyo gawa urithi wako mafungu mawili. Kuna mambo yasiyochacha: neva za kichwa zilikuwa jozi 12 enzi za babu zetu na bado ni 12. Desa la anatomia hata likiwa na umri wa miaka kumi linakufaa, mradi michoro yake ni sahihi. Fungu la pili ni kila kinachohusu dawa, dozi, viwango vya vipimo na vigezo vya utambuzi. Humo usiamini mstari hata mmoja kabla hujaulinganisha na toleo jipya la mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya, ule tunaouita STG. Kwa majarida, ulizia maktaba ya chuo kuhusu Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaovipa vyuo vya nchi kama yetu njia ya kusoma majarida ambayo kwingineko yanalipiwa fedha nyingi. Wapo wanaofika mwaka wa nne hawajawahi kuufungua.

Mitihani ya miaka iliyopita ni jambo la pembeni kidogo. Itumie kujua mwalimu anauliza kwa mtindo gani. Ukikariri majibu yake, utapata mtihani na kukosa somo, na somo hilo litakurudia wodini.

Hatua ya 2: Pindi, yaani kipindi cha darasani

Hapa sina mengi. Pitia vichwa vya slaidi usiku uliotangulia, dakika kumi zinatosha. Darasani usinakili slaidi, utatumiwa. Andika kile ambacho mwalimu amekisema na hakimo kwenye slaidi: mfano wa mgonjwa, onyo, "hiki mnakikosea kila mwaka". Siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, kunja daftari na uandike kwa kichwa mambo matano uliyobaki nayo. Kama yamebaki mawili, umejua pa kurudia.

Hatua ya 3: Geuza noti kuwa maswali

Hii ndiyo kazi yenyewe.

Noti ya kawaida husema hivi: neva ya radiali, C5 hadi T1, hupita kwenye mfereji ulio nyuma ya humerasi, huhudumia misuli inayonyoosha kiwiko, kiganja na vidole. Ukiisoma mara nne utaikubali mara zote nne, kichwa kikitikisika kwa kuridhika, na siku ya vaiva (mtihani wa mdomo) itakukimbia. Iandike namna hii:

*Mlevi amelala kwenye kiti cha baa, mkono umening'inia nyuma ya egemeo usiku kucha. Asubuhi kiganja kimelegea, hawezi kukinyanyua. Ni neva gani? Imebanwa wapi? Kwa nini kiwiko bado anakinyoosha? Utamgusa wapi kupima ganzi?*

Swali la tatu ndilo linalofundisha. Kiwiko kinanyooka kwa sababu matawi mengi yanayokwenda kwenye traisepsi, msuli unaonyoosha kiwiko, huchomoka kabla neva haijafika pale ilipobanwa. Ukishalielewa hilo huna haja ya kukariri orodha ya matawi, utaipanga mwenyewe kutoka juu kwenda chini. Na ganzi utaipima mgongoni mwa mkono, kwenye ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada.

Kanuni ninazozifuata ni chache. Swali moja liwe na jibu moja fupi. "Eleza kuhusu kisukari" si swali, ni adhabu. Kila mada iwe na angalau swali moja la "kwa nini". Jibu liandikwe kwa maneno yako, liwe upande wa pili wa karatasi au ukurasa mwingine kabisa, maana jicho ni jizi. Na kila jibu la dawa liwe na chanzo na mwaka, hata kama ni kwa herufi ndogo: STG, toleo la mwaka fulani, ukurasa fulani.

Si kila somo linakubali mtindo huu kwa kiwango sawa. Famakolojia na mikrobayolojia zinaukubali sana. Bayokemia, hasa mizunguko kama wa Krebs, nashauri uchore kwenye karatasi tupu bila kuangalia, kisha ulinganishe na kitabu kwa kalamu nyekundu. Fiziolojia ya moyo na figo ichore pia, halafu ujiulize: nikiongeza hiki, kile kinapanda au kinashuka? Patholojia bila picha ni bure.

Kuhusu vifupisho vya kukumbukia: vile vya neva 12 za kichwa vinavyozunguka mabwenini vingi havisemeki mbele ya wazazi, na ndiyo maana havisahauliki. Tunga vyako vya Kiswahili, vinakaa vizuri zaidi.

Hatua ya 4: Rudia kwa kuachanisha siku

Mwaka 2006 Roediger na Karpicke waliwagawa wanafunzi: wengine wakasoma kifungu mara mbili, wengine wakakisoma mara moja kisha wakajaribu kukiandika kwa kukumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Hapo utaelewa kwa nini kukesha na kalamu ya rangi usiku wa kuamkia UE (mtihani wa chuo) kunakupa hisia kwamba umeiva. Ile hisia ni ya kweli, ila haidumu.

Ratiba yangu kwa mada mpya: kesho yake, siku ya tatu, wiki moja, wiki mbili, mwezi. Swali ukilipata, lisogeze mbele. Ukilikosa, linarudi mwanzo. Unaweza kulifanya hili kwa vikadi na maboksi matano ya viatu. Ukitaka programu, Anki ni bure kwenye kompyuta na kwenye simu za Android. Kwenye iPhone inalipiwa.

Tahadhari mbili. Kwanza, usipakue maelfu ya kadi zilizotengenezwa na wanafunzi wa Marekani ukadhani umemaliza. Zimepangwa kwa mitihani yao, na kichocho, selimundu au malaria vinapewa nafasi ndogo kuliko utakayoihitaji Shinyanga au Tanga. Chukua za anatomia na fiziolojia kama unazipenda, nyingine tengeneza. Pili, weka kikomo cha kadi mpya kwa siku. Ukiongeza 100 leo kwa sababu una ari, wiki ijayo utadaiwa marudio yasiyolipika, na watu wengi huiacha Anki hapo hapo.

Hatua ya 5: Unda kikundi, na kiwe kidogo

Watu wanne au watano. Wakiwa wawili inakuwa soga, wakizidi saba kuna watakaokuja kusikiliza tu. Usichague marafiki watupu; chagua anayewahi, anayeuliza, na mmoja anayependa kubisha.

Gawaneni mada kila Jumapili. Kila mtu anatengeneza maswali ya mada yake, na zamu za masomo zinazunguka ili mtu mmoja asizeeke na famakolojia. Hapa ndipo vikundi vingi vinapokosea: tumeni maswali kwanza, bila majibu. Majibu yatoke kesho yake. Mtu akipokea maswali na majibu kwa pamoja atasoma kama gazeti. Akikaa na swali usiku mmoja, jibu linakuta nafasi yake imeshaandaliwa.

Kila desa lipite kwa jicho la pili kabla ya kusambazwa, na huyo wa pili aandike jina lake chini. Mambo hubadilika sana mtu anapojua jina lake litasomwa. Jina la faili libebe mada, mwezi, mwaka na namba ya toleo. Ukurasa wa kwanza uwe wa masahihisho: nani amegundua kosa gani, lini. Anayegundua kosa ashukuriwe mbele ya wote, la sivyo mara ya pili atanyamaza.

Fikirieni bando pia. Picha 40 za slaidi zilizopigwa kwa pembe, nusu zikiwa na kichwa cha mtu aliyekaa mbele, zinamlia mwenzako data na hazisomeki. Andika maandishi, punguza ukubwa wa faili, na mafaili mazito mpakue kwa Wi-Fi ya maktaba.

Halafu kuna suala la kuficha madesa. Kila darasa lina mtu anayesoma kimya kimya kwenye kimbweta cha mwisho na kufunika daftari ukikaribia. Sielewi anaokoa nini. Alama ya kufaulu ni moja kwa wote, kufaulu kwako hakumnyimi yeye nafasi, na baada ya miaka michache mtu huyo huyo atakukabidhi zamu saa mbili usiku na wagonjwa mahututi. Utatamani ajue. Yagaweni madesa hata kwa asiyechangia, ila yeye asikae kwenye diskasheni mpaka alete maswali yake.

Hatua ya 6: Noti za wodini

Kuanzia mwaka wa tatu kitabu kinaanza kuwa mtu. Mgonjwa mmoja uliyemklaki vizuri, yaani uliyemhoji na kumpima mwenyewe, anakufaa kuliko sita uliowapitia kwenye raundi ukiwa nyuma ya migongo ya wenzako.

Jitambulishe kama mtu aliyelelewa: "Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari. Naomba kuzungumza nawe kuhusu ugonjwa wako, ukichoka uniambie tuache." Akikataa, mshukuru uondoke. Usimwambie kwamba ni lazima, kwa sababu si lazima.

Tengeneza daftari dogo la maswali kama yanavyoulizwa kitandani, maana tunasoma kwa Kiingereza na kuhoji kwa Kiswahili, na wengi wanakwama hapo hapo. Kwa moyo ulioshindwa kazi: "Usiku unalalia mito mingapi? Unaamka usiku ukitafuta pumzi? Viatu vimeanza kukubana?" Kwa mtoto: "Degedege lilimshika mwili mzima au upande mmoja? Lilichukua muda gani? Baada ya hapo alilala, au alinyonya?" Wauguzi wa siku nyingi ni walimu wazuri wa maswali haya. Waamkie, waulize, na usiwasumbue saa ya kugawa dawa.

Jioni andika mistari mitatu kwa kila mgonjwa: nilichokiona, nilichokuwa sikijui, nilichokwenda kukisoma. Jina lisiwemo. Namba ya faili isiwemo. Hata umri kamili na kijiji viondoe kama ugonjwa ni wa nadra, kwa sababu watu wa kwao watamtambua. Picha ya kidonda, ya eksirei yenye jina au ya kadi ya mgonjwa haiingii kwenye kundi la WhatsApp, hata kama "ni sisi watano tu". Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na hata bila sheria hiyo siri ya mgonjwa ilikuwepo.

Hatua ya 7: Maiti na vifo

Chumba cha anatomia kina harufu ya fomalini inayokufuata hadi kwenye ugali. Vaa glovu na koti, funga nywele, koti lisilale kitandani kwako. Ukihisi kizunguzungu, toka nje mapema. Anayekaza roho mpaka akaanguka anaumia kichwa, na hakuna anayempa alama. Kuhusu wanaotania maiti, utawakuta. Utani wa kuondoa hofu naufahamu. Utani kuhusu mwili wa mtu yule aliyelazwa pale ni jambo jingine, na una ruhusa ya kusema "jamani, basi".

Kifo cha kwanza wodini ni kizito zaidi, hasa kikiwa cha mtoto uliyemklaki asubuhi. Utashangaa raundi inaendelea kitanda kinachofuata. Usisubiri usiku ukiwa peke yako. Mtafute daktari aliyekuwepo, registra au intani, umwulize mambo mawili: nini kilitokea kitabibu, na yeye hufanyaje. Swali la kwanza linakuondolea dhana kwamba kuna kitu wewe ungefanya. La pili utajibiwa kwa namna usiyoitegemea. Daktari bingwa anaweza kukwambia husali, mwingine hutembea kwa miguu hadi nyumbani, mwingine atakwambia bado hajui. Kama familia inalia na hujui la kusema, "poleni sana" inatosha. Baki dakika mbili.

Hatua ya 8: Mwili na mfuko

Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi, na ubongo hupanga ulichojifunza ukiwa umelala. Kukesha ni kusoma na kukiacha nje. Nusu ya kafeini ya kahawa uliyokunywa saa 12 jioni bado imo mwilini saa 5 usiku, kwa mtu wa kawaida. Kwa hiyo kahawa iwe ya asubuhi au mchana.

Bumu (fedha za mkopo wa wanafunzi) likichelewa, wanaopika pamoja hula. Wanaotegemea chipsi mayai hukopa. Lipa chakula cha mwezi na nauli ya hospitali siku hiyo hiyo pesa inapoingia, kabla hujasalimiana na mtu.

Hatua ya 9: Ukipata sapu (mtihani wa marudio), au ukianza kuzama

Sapu inaumiza, na nyumbani wameshaanza kukuita daktari. Fanya haya kwa mpangilio: lala usiku mmoja. Kesho yake waambie watu wawili, mmoja wa kikundi na mmoja wa familia asiyepiga kelele. Kisha nenda kwa mwalimu wa somo ujue ulianguka wapi, maana kukosa vaiva na kukosa karatasi ya maswali hakutibiwi kwa dawa moja. Kikundi kikurudishie maswali ya mada hizo tu. Soma pia kanuni za chuo chako kuhusu marudio na kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli), usitegemee stori za korido.

Kuna hali inayozidi sapu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa kwenye JAMA mwaka 2016 ulikuta asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari wana sonona au dalili zake. Kati ya waliokutwa na dalili, waliotafuta tiba walikuwa asilimia 15.7 tu. Sisi ndio tunaofundishwa kuzitambua dalili hizo kwa wengine: usingizi kukata au kuzidi, hamu ya kula kupotea, kujiona mzigo, kutofurahia chochote kwa wiki mbili mfululizo.

Kikundi chenu kinaona mapema kuliko mzazi wala mwalimu. Aliyekuwa akileta maswali kila Jumapili, wiki mbili hajaleta, simu anapokea kwa "niko poa". Usimtumie kikumbusho kwenye kundi. Nenda chumbani kwake na chapati, kaa, muulize waziwazi: "Unafikiria kujidhuru?" Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata kwa nusu saa: mpelekeni idara ya dharura, mtoeni karibu na dawa alizonazo, na mwambieni mshauri wa wanafunzi. Akisema hapana lakini hali si nzuri, msindikize kwa mshauri au kliniki ya afya ya akili. Kama anaogopa kuonekana na walimu wake, mtafutieni hospitali nyingine. Nafasi yake kwenye kikundi ibaki. Mada zake zigawanywe bila mjadala.

Hatua ya 10: Kuwaachia wanaokuja

Mkimaliza somo, msiwape wadogo zenu PDF iliyofungwa. Wapeni faili linaloharirika, lenye ukurasa wa masahihisho, majina ya waandishi na mwaka, na maswali yakitangulia majibu. Sehemu za dawa ziwekeeni rangi na maneno "hakiki kwenye STG mpya". Wakibadilisha, wakifuta kurasa ishirini ulizozikeshea, waache. Usimpigie mtu simu kuuliza sehemu yako imekwenda wapi.